Zile kazi ndogondogo ndo zilikuwa shule yenyewe

Kila ukifungua simu siku hizi unakutana na mada moja, AI inawamaliza vijana kwenye ajira, na hapohapo chini kuna mtu ameshajibu kwamba AI haikuchukulii kazi, atakayekuchukulia ni mtu anayejua kuitumia. Jibu hilo limeshakuwa kama methali, linasemwa kwenye semina, kwenye mahafali, kwenye video za dakika moja, na wanafunzi wanalimeza lilivyo, wanakimbilia kozi ya wiki mbili ya namna ya kuiagiza mashine, wakimaliza wanapata cheti, wanakitupia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na ajira, wanasubiri. Mi naona mjadala wote umekaa upande, na wanaoogopa na wanaotuliza wanagombania kitu kilekile: ajira ngapi zimekufa na ngapi zitazaliwa. Kinachoondoka kimyakimya hakimo kwenye hesabu hiyo. Ni ile kazi ndogo ya mwanzo ambayo mgeni kazini alikuwa anapewa, anaikosea, anarudishiwa, anairudia, mpaka siku moja anajikuta kazi kubwa anaijua na hakumbuki aliijua lini. Hiyo ndo ilikuwa shule, na inaweza kumpita hata mtu mwenye ajira yake na mshahara wake unaingia kila mwezi.

Tuanze na yanayojulikana. ChatGPT, ile programu ya AI unayoiandikia swali nayo inakujibu, ilifunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022. Agosti 2025 watafiti watatu wa chuo kikuu cha Stanford, mmoja wao Erik Brynjolfsson, walichambua rekodi za mishahara za ADP, kampuni ya Marekani inayoshughulikia malipo ya mamilioni ya wafanyakazi. Wakakuta kwamba vijana wa miaka 22 mpaka 25 walioko kwenye fani ambazo AI inaziingilia sana, kama uandishi wa programu na huduma kwa wateja, ajira zao zimeshuka kwa asilimia 13 ukiwalinganisha na wenzao wa fani ambazo haijaziingilia, wakati watu wazima wa fani hizohizo wako palepale au wameongezeka. Maelezo waliyoyapendekeza yanafikirisha: mashine inashindana vizuri na ujuzi wa kwenye vitabu, ule unaoandikika, ambao ndo mtaji pekee wa mtu aliyetoka chuo juzi, ila haishindani vizuri na ule ujuzi wa mtu aliyekaa kazini miaka, ambao hata mwenyewe ukimwambia auandike hawezi.

Oktoba mwaka huohuo kituo kinachoitwa Budget Lab cha chuo kikuu cha Yale kikaangalia soko zima la ajira la Marekani na kusema hakioni mtikisiko wowote wa maana tangu ChatGPT iingie. Na kuna wanaokumbusha kwamba riba za mikopo zilianza kupandishwa kwa kasi kule Marekani Machi 2022, miezi kadhaa kabla ya ChatGPT, na mkopo ukiwa ghali kampuni zinabana kuajiri, na kwamba kampuni za teknolojia zilikuwa zimeajiri kupita kiasi wakati wa korona, kwahiyo kupunguza watu kungetokea tu hata AI isingekuwepo. Hizi ni hoja nzito, sizidharau. Soko zima linaweza kuwa shwari huku kona moja inawaka moto, na moto wenyewe ukawa na chanzo zaidi ya kimoja.

Ila tuseme kesho ithibitike kwamba AI haijaondoa hata ajira moja ya kijana, bado hoja yangu iko palepale. Angalia kazi ambazo mgeni alikuwa anapewa: kuandika muhtasari wa kikao, kusafisha data, kupitia mikataba mia kutafuta kifungu kimoja, kuandika rasimu ya kwanza ya ripoti, kujaribu programu kuona inaharibika wapi, kujibu barua pepe za wateja. Kampuni ilimlipa kwasababu ilikuwa inazihitaji hizo kazi, basi. Hakuna aliyekaa akasema tunamlipa huyu ajifunze. Mafunzo yalikuja bure kama moshi unavyokuja na moto, kwasababu ukisoma mikataba mia kwa macho yako, ukifika wa sabini unaanza kuhisi mkataba mbaya kabla hujajua ubaya uko wapi. Sasa mkataba unapitiwa na mashine kwa sekunde, kazi imefanyika, kampuni imefurahi, na ile hisia ya mkataba wa sabini haijaingia kwenye kichwa cha mtu yeyote. Na hakuna anayeona hasara, maana mafunzo hayakuwahi kuwa na mstari wake kwenye bajeti, kitu ambacho hakikuandikwa popote kikiondoka huwezi kukiona kwamba kimeondoka.

Nitasema langu moja tu. Kazi yangu ya kwanza nilikaa miezi mingi naandika mihtasari ya vikao, na nilikuwa naiona kama adhabu. Siku moja mkuu wangu alinirudishia ukurasa akiwa amezungushia duara neno "walikubaliana", akaniambia hawakukubaliana, walinyamaza, rudi ukaandike hivo. Kuanzia siku hiyo nikawa nasikiliza vikao kwa namna nyingine kabisa, nani ananyamaza wakati gani, nani anasema sawa huku anafunga daftari. Leo kuna programu inasikiliza kikao na kutoa muhtasari msafi kuliko wangu wa wakati ule, na mtu mwenye umri niliokuwa nao anabonyeza kutuma. Muhtasari ni bora. Yeye yuko vilevile alivyokuja.

Na hili sio la maofisini peke yake. Mtafiti Matt Beane alikaa kwenye hospitali kubwa za Marekani akiangalia kilichotokea roboti zilipoingia kwenye chumba cha upasuaji, utafiti wake ukatoka 2019. Kwenye upasuaji wa zamani, daktari bingwa hawezi kumaliza peke yake, anahitaji mikono ya ziada, kwahiyo yule daktari anayesomea ubingwa lazima aingie, anashika, anavuta damu kwa kifaa, anashona, na mwaka hadi mwaka anasogezwa karibu zaidi na kazi yenyewe. Roboti ilipokuja, bingwa akaweza kuongoza mikono yote ya mashine peke yake akiwa amekaa kwenye kiti chake, kwahiyo mwanafunzi akawa wa kuangalia, na akipewa nafasi anapewa dakika chache, akisitasita bingwa anachukua tena, na huwezi kumlaumu, maana aliyelala pale mezani ni mtu. Matokeo yake wengi walimaliza mafunzo na kibali wakapata, ila mkono haukuwa na mazoezi ya kutosha. Hakuna aliyepanga iwe hivo. Mgonjwa alihudumiwa vizuri, ufanisi ukapanda, na njia ya kumtengeneza bingwa anayefuata ikaziba. Kilichotokea chumba cha upasuaji ndo kinaingia saivi kwenye kila meza yenye kompyuta.

Utafiti mwingine ambao ningependa kila mwanafunzi aujue ulifanyika Uturuki, kwenye somo la hesabu, wanafunzi wa sekondari karibu 1,000. Kundi moja lilifanya mazoezi bila AI, la pili likapewa AI ya kawaida inayojibu unachouliza, la tatu likapewa AI iliyotengenezwa kama mwalimu, inatoa dokezo na haitoi jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasio na AI, na la tatu kwa asilimia 127. Halafu ukaja mtihani, AI ikaondolewa. Kundi la pili likaanguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa kabisa, na la tatu likawa sawasawa tu na wasioigusa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wale walioanguka hawakujihisi kama hawajajifunza. Wakati unaitumia unajiona unaenda mbio, majibu yanatoka, kazi zinaisha, hakuna kengele inayolia kukwambia kwamba anayejua ni mashine na wewe unapitisha tu.

Sasa upande wa pili una hoja moja nzuri kuliko zote na lazima niitendee haki, nayo ni ya mashine za ATM. Zilipoanza kusambaa miaka ya 1970 kila mtu alijua wahudumu wa dirishani benki wamekwisha. Mchumi James Bessen akaja kuonyesha kwamba kule Marekani mashine ziliongezeka mpaka karibu 400,000 na wahudumu hawakupungua, waliongezeka kidogo. Sababu ni kwamba tawi la mjini lililohitaji wahudumu kama 20 likawa linahitaji 13, kuendesha tawi kukawa rahisi, benki zikafungua matawi mengi zaidi, na muhudumu akaacha kuhesabu noti akawa mtu wa kuongea na mteja. Kwahiyo wanaosema teknolojia huwa inaleta kazi nyingine wana ushahidi, na mi siamini kwamba dunia itaishiwa kazi. Ila ukiangalia vizuri, ATM ilichukua sehemu moja ya kazi na kumwachia mgeni dirisha lake la kusimama. Aliyeajiriwa leo bado alikuwa anakutana na mteja leo, anakosea leo, msimamizi wake anamsikia. Saivi kinachochukuliwa kwanza ni sehemu ya mgeni, mlango wenyewe wa kuingilia, na kazi ya ndani inabaki kwa walioingia zamani. Idadi ya kazi inaweza ikarudi na watu wa kuziweza wasiwepo.

Hoja dhaifu kabisa ni ile methali ya mwanzo, kwamba ukijua kutumia AI umesalimika. Dhaifu kwa sababu mbili. Ya kwanza, chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukizoea ndani ya wiki hakiwezi kuwa kinachokutofautisha na wenzako, na kila toleo jipya linakuwa rahisi zaidi kutumia, kwahiyo ule ufundi uliosomea wiki mbili unaisha thamani wakati cheti bado kinang'aa. Ya pili ndo kubwa: kuitumia vizuri kunamaanisha kujua imekosea wapi, na hilo haliko kwenye kozi ya AI, liko kwenye fani. Mwanasheria mzoefu akisoma rasimu ya mashine anaona kifungu kilichokaa vibaya kwasababu alishawahi kuumia na kifungu kama hicho. Kijana ambaye hajawahi kuandika rasimu hata moja kwa mkono wake ataona imeandikwa vizuri, na kweli imeandikwa vizuri, tatizo ni kwamba sio sahihi. Kumwambia kijana atumie AI badala ya kujifunza kazi, halafu ategemewe kuisimamia AI kwenye kazi hiyohiyo, ni kumpa usukani wa gari ambalo hajawahi kulikalia.

Na vyeti navyo tuviongelee kidogo, maana wengi wanadhani wakati wa digrii umepita na saivi waajiri wanaangalia ujuzi, kwahiyo ukikusanya vyeti vya onlaini kumi umeonyesha ujuzi kumi. Matangazo ya kuondoa masharti ya digrii yapo kweli, kampuni kubwa zimetangaza, hata serikali za majimbo ya Marekani kama Maryland mwaka 2022. Ila ripoti ya 2024 ya Burning Glass Institute, taasisi ya Marekani inayochambua soko la ajira, pamoja na shule ya biashara ya Harvard ilifuatilia baada ya matangazo nini kilitokea, ikakuta mabadiliko hayo yamegusa chini ya mtu mmoja kati ya kila 700 wanaoajiriwa kwa mwaka. Asilimia 45 ya kampuni walizoziangalia zilibadilisha tangazo tu, kuajiri kukabaki vilevile. Mwajiri anasema anataka ujuzi, ila hajui namna ya kuuona, kwahiyo anarudi kwenye karatasi aliyoizoea. Cheti cha kumi hakimsaidii kuona. Kazi uliyoifanya, iliyopita mikononi mwa mtu anayejua, ikarekebishwa, ikatumika, hiyo anaiona.

(Wanaosema vijana wa saivi wavivu hawataki kuanzia chini sitawajibu kwa urefu. Huko chini kwenyewe ndo kunakoondolewa, mtu ataanziaje mahali ambapo hapapo.)

Kwahiyo kama wewe ni mwanafunzi au umeanza kazi juzi, kitu cha kuwinda ni marekebisho. Nikisema hivo simaanishi mtu wa kukwambia hongera, namaanisha mtu anayejua kazi kukuzidi, anayeisoma yako na kukuonyesha palipovunjika. Hiyo ndo bidhaa ambayo zamani ilikuja bure na ajira na saivi unaitafuta mwenyewe kwa makusudi. Rasimu ya kwanza iandike wewe hata kama ni mbaya, alafu mashine uilete baadae iipinge, utajua tofauti kati ya ulivyofikiri na inavyofikiri, na hapo kwenye tofauti ndo unajifunza. Ukiifanya kinyume chake, mashine ianze wewe unasahihisha, utakuwa kama lile kundi la pili la Uturuki, haraka sana na hujui kwamba hujui. Tafuta pia kazi yenye mtu upande wa pili atakayeumia ukikosea, hata iwe ndogo, mahesabu ya kikundi, tovuti ya chama, tafsiri ya fomu ambayo mtu ataitumia kweli. Mradi wa darasani hauna wa kumuuma, ndo maana haufundishi sana.

Kuhusu kuwapata hao wasahihishaji, watu wanahangaika na wale wa karibu tu, rafiki, ndugu, mwenzako wa darasani. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwauliza wanaume wenye kazi za kitaalamu kwenye eneo la Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu walikuwa wanaonana na huyo mtu mara ngapi, na kwenye andiko lake la 1973 zaidi ya asilimia 80 walisema ni mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra. Mwaka 2022 jarida la Science likatoa utafiti wa LinkedIn uliohusisha watu zaidi ya milioni 20, na hapo pia waliosaidia watu kuhama kazi hawakuwa wale wa karibu zaidi. Vijana wengi wakisikia hivo wanakimbilia kuomba kazi kwa watu wasiowajua, na hawajibiwi. Ukimtumia mtu huyohuyo ukurasa mmoja uliouandika na swali moja la kweli, nimekosea wapi hapa, kujibiwa kunawezekana zaidi, na akijibu ameshaiona kazi yako, jambo ambalo CV haiwezi kulifanya.

Ila siwezi kuishia hapo, maana tukiishia hapo tumemtupia kijana mzigo wote. Mtoto wa mhandisi atasahihishwa nyumbani wakati wa chakula. Mtoto wa mtu ambaye hajawahi kuingia ofisini hana huyo mtu, na kwake ile kazi ndogo ya mwanzo ndo ilikuwa mahali pekee ambapo mgeni asiye na ukoo anakaa karibu na mjuzi kwa lazima, bila kujuana na mtu. Ikiondoka, wanaobaki na walimu ni wenye walimu tayari. Hili linaniuma kuliko takwimu zote nilizotaja huko juu, kwasababu shirika la kazi duniani, ILO, lilishasema kwamba mwaka 2023 kijana mmoja kati ya watano duniani hakuwa kazini, shuleni wala kwenye mafunzo yoyote, na theluthi mbili yao ni wasichana. Hao hata huo mlango mwembamba hawakuufikia.

Waajiri wana jibu lao, kwanini nimfundishe mtu kwa hela yangu alafu mshindani wangu amchukue. Ni hofu ya kweli. Ujerumani iliishughulikia kwa sheria, ya mwaka 1969, kijana ana mkataba na kampuni, anafanya kazi siku tatu au nne za wiki na siku zinazobaki yuko shule ya ufundi, anayemfundisha lazima awe na sifa za kufundisha, na mwisho wa miaka miwili mpaka mitatu na nusu anafanya mtihani ambao kampuni yake haiusimamii. Kwa kuwa kampuni nyingi zinafundisha kwa pamoja, anayeibiwa leo kesho anaokota wa mwingine. Mfumo huo ulijengwa kwa miaka mingi na hauhamishiki kama simu, ila unaonyesha kwamba mafunzo yanaweza kuwa na mstari wake kwenye bajeti na kampuni zisife. Na kampuni ambayo haitaki sheria inaweza kuanza na kitu kidogo sana, kumpa mgeni kazi ambayo mashine imeshaifanya, aifanye bila kuona jibu, alafu mkubwa akae naye nusu saa walinganishe. Ni nusu saa inayoonekana kama hasara mpaka pale wakubwa wa leo watakapostaafu.

Na wewe ukiitwa intavyuu, ikifika ile sehemu ya una swali lolote, uliza kazi yangu ya mwezi wa kwanza ataisoma nani. Wengi watakutajia programu, au watasema timu ipo, au watasema sisi tunapenda watu wanaojitegemea. Ukikutana na sehemu wanakutajia jina la mtu, na huyo mtu amekaa hapohapo mezani anakuuliza ulete ulichowahi kuandika, hata kama mshahara wao uko chini kidogo kuliko kwingine, mi ningeenda hapo.